Kahawa Aliyoitema Mkubwa Wangu

Mkubwa wangu aliitema kahawa yangu kwenye saruji ya baraza, mbele ya mke wangu, kisha akaniangalia kwa jicho ambalo sijawahi kuangaliwa nalo na mtu wa tumbo moja na mimi. Alijipangusa mdomo kwa mkono wa shati, akachukua kofia yake, akashuka ngazi. Kule chini akasimamisha pikipiki ya abiria, akapanda, akaenda. Mimi nilibaki nimeshika sahani ya kikombe. Vidole vilikataa kuiachia.

Niseme kwanza huyo mkubwa ni nani. Ni kaka yangu, mtoto wa kwanza wa baba yetu, na mimi ndiye ninayemfuata. Yeye alibaki kijijini kwetu Runingu akalima. Mimi niliacha shule kabla sijajua kugawanya, nikaja mjini Uvira, nikauza karanga mpakani Kavimvira, halafu vitenge, halafu magodoro, halafu nikajenga. Nyumba hii nimeijenga mimi, tena juu, mahali maji ya ziwa hayafiki. Wenye diploma walijenga kule chini kwenye mchanga, na ziwa lilipopanda walitoa viti vyao kwa mtumbwi. Sisemi ili nijisifu. Nasema kwa sababu watu waliona.

Baba alipokufa tuligombania mpaka wa shamba. Mambo ya kawaida: mti wa mpaka ulihama, kila mmoja akasema mwenzake ndiye aliyeuhamisha. Yangekwisha. Lakini watu wa kijiji waliingia katikati, wakamwambia: yule mudogo wako wa mujini, usikule kwake. Maana yake ni sumu. Huku kwetu mtu akiumwa tumbo, kabla hawajamuuliza amekula nini, wanamuuliza amekula kwa nani. Tangu hapo mkubwa wangu hakugusa hata maji ya nyumbani kwangu. Tulionana kwenye misiba ya watu, tukapeana mkono, tukaachana. Miaka ikaenda hivyo, sisi wote wawili vichwa vikawa vyeupe.

Ndipo macho yake yakaanza kuharibika. Akawa anakuja mjini kila juma, daktari wa macho anamtazama na kumtilia dawa. Na siku ile, bila kuitwa na mtu, nikamwona anapanda ngazi zangu, mkono mmoja ukutani. Nilishtuka mpaka nikasahau kumkaribisha.

"Jua iko kali," akasema. "Kiti iko?"

Kiti! Ningempa nyumba nzima. Nikampa kiti, na kwa furaha nikataka kumpa kitu kikubwa kuliko vyote nilivyonavyo. Hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu kitu kikubwa kuliko vyote nilivyokuwa navyo mwezi ule kilikuwa mashine ya kahawa.

Mashine hiyo niliachiwa na binti yangu. Alikuwa akifanya kazi Bujumbura, akahamia mbali kwa mume wake, akasema Papa, hii siwezi kubeba. Nilipoivusha mpakani, mtu wa forodha aliizunguka mara nyingi, akaniuliza kama ni ya kupimia damu. Nikamwambia ni ya kahawa. Akacheka, akaita wenzake waje wamwone mzee anayedanganya. Hakika ukiiangalia inafanana na kitu cha hospitali. Unasaga kahawa, unaijaza ndani ya kikombe cha chuma chenye matundu na mshikio mrefu, unaishindilia, unaikaza kwenye mashine. Mashine inasukuma maji ya moto kwa nguvu nyingi ndani ya ule unga. Kinachotoka ni kidogo sana, kizito, na juu yake kuna povu rangi ya udongo wa njia ya Runingu.

Povu hilo lilikuwa limenikataa tangu mwanzo. Siku ile likatoka. Nene, limetulia, linang'aa. Nikaona niende nalo hivyo hivyo, zima, mkubwa wangu alione.

Kwetu anayemimina ndiye anayeonja kwanza. Iwe bia, iwe maziwa, iwe maji: unakunywa kidogo mbele ya mgeni, ndipo unampa. Hata chupa unaifungulia mbele ya macho yake. Mtoto anayejifunza kutembea anajua hivyo. Na mimi, mzee mzima, mbele ya mtu pekee duniani ambaye nilipaswa kuonja mara mbili, sikuonja. Kikombe chenyewe kilikuwa kidogo kama kifuniko cha chupa ya dawa. Ningeonja, angebakiwa na nini? Na povu lingevunjika.

Mke wangu alingoja pikipiki ipotee, kisha akanigeukia.

"Weye! Ulionja?"

"Povu ilikuwa—"

"Minye sikuulize povu. Ulionja?"

"Sikuonja."

"Muntu amekuja mwenyewe kwa miguu yake, miaka yote hii, unamupatia kitu nyeusi, kidogo, kama dawa ya panya, na hauonje! Sasa Runingu yote itajua jioni hii."

Nikachukua kikombe. Kulikuwa na tone lililobaki chini. Nikaliweka kwenye ulimi.

Mungu wangu. Lilikuwa chungu kama kinini, na nyuma ya uchungu kulikuwa na ladha ya majivu, na ulimi ukakauka kama umepakwa chokaa. Nilikaa chini. Nilielewa. Kama ningepewa mimi kitu kile na mtu niliyegombana naye, nisingepanda pikipiki tu, ningekwenda moja kwa moja hospitali kuoshwa tumbo.

Nikamtumia binti yangu ujumbe wa sauti kwa simu, maana kuandika si kazi yangu. Akanijibu anacheka, halafu alipojua ni nani aliyetema akaacha kucheka.

"Papa, ulisaga namna gani?"

"Laini kabisa. Kama unga wa muhogo."

"Ee Papa! Na uliweka ngapi?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha ni ngapi?"

"Ya kutosha mukubwa wangu! Nilijaza, nikaongeza matabishi, nikashindilia."

Nasema wazi, hapo sikuona kosa langu lilikuwa wapi. Nimekula ugali wa muhogo maisha yangu yote, na sijasikia mtu akisifu unga wenye chenga. Unga mzuri ni unga laini. Na mgeni wa heshima humpimii kipimo cha kusawazisha kwa kiganja. Unamjazia mpaka kinamwagika, halafu unamwongezea juu. Hiyo nyongeza ndiyo matabishi, na kwa matabishi nimepata wateja ambao wenye maduka ya vioo hawakuwapata. Kumbe mambo mawili yaliyonijenga ndiyo yaliyonimaliza. Binti yangu akanieleza: unga ukiwa laini mno na mwingi mno, maji hayapiti. Yanakwama, yanatoka tone tone, na yakikaa humo yanakamua hata ubaya wa kahawa, mpaka majivu yake.

"Sasa Papa, badilisha kitu kimoja tu. Ukigusa kusaga, usiguse kipimo. Ukigusa kipimo, usiguse kusaga. Na utafute mizani."

"Mukono yangu ni mizani."

"Mukono yako imemukimbiza baba mukubwa."

Asubuhi nilikwenda kwa rafiki yangu anayenunua dhahabu. Ni Mwislamu wa hapa Uvira, babu zake walikuja na biashara ya ziwa, na wakati mimi nauza karanga yeye alikuwa akiniuzia vitenge vya kuanzia. Ana mizani ndogo ya kupimia vumbi la dhahabu, ukipumua karibu nayo inahama.

"Umepata dhahabu, mzee?"

"Nataka kupima kahawa."

Aliniangalia juu ya miwani. "Magodoro yamekuharibu kichwa. Kaa chini, unywe maji."

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye sehemu ya kutema hakucheka. Akaifunika mizani yake kwa kitambaa, akaja nayo mwenyewe, maana alisema hawezi kumkabidhi mtu anayejaza mpaka kumwagika.

Asubuhi zile baraza langu lilikuwa kama soko. Umeme wetu una nguvu asubuhi tu. Jioni mashine inakoroma, haisukumi. Basi mapema mke wangu ananikaangia kahawa kwenye sufuria, mimi nazungusha mashine ndogo ya kusagia kwa mkono, na rafiki yangu amekaa na mizani yake na saa yake. Hiyo mashine ya mkono ina pete chini. Ukiizungusha inalia tik, na kila tik ni unga mwingine. Nililegeza tik nyingi kwa hasira. Kahawa ikatoka kama bomba limepasuka, rangi ya chai, kikombe kikajaa kabla sijatoa mkono.

Rafiki yangu akaonja, uso ukakunjamana. "Hii ni maji ya matunda ya marakuja mabichi."

"Wewe si unakunywa kahawa chungu kila siku?"

"Chungu nakunywa. Hii si chungu, hii inang'oa meno."

Nikakaza pete. Tone tone. Nikalegeza kidogo. Bomba. Nikajisahau, nikaongeza na unga, na sasa sikujua tena ni kipi kilichofanya nini. Nilipiga meza. Mtu niliyejenga nyumba bila kusoma, ninashindwa na pete ya chuma! Ndipo nikakubali kufanya kama binti alivyosema. Nikaiacha ile pete mahali pake, nikapima unga, nikaonja, nikapunguza nusu gramu, nikaonja tena. Nusu gramu! Ni chembe chache, ukizimwaga mezani unazipuliza bila kuziona. Na ilikuwa kahawa nyingine kabisa. Majivu yalikuwa yameondoka. Nilimwangalia rafiki yangu, naye akaniangalia. Maisha yangu yote nimeongeza matabishi, hakuna hata siku moja niliyofikiri kwamba mtu anaweza kuheshimiwa kwa kupunguziwa.

"Sasa mupatie huyo ndugu yako," akasema.

"Hatakunywa. Nikionja kinaisha, nisipoonja anakufa kwa hofu."

"Kwetu birika ni moja. Inamimina vikombe vyote, na kila mtu anaona. Nani atamwekea nani sumu?"

Niliingia ndani, nikafungua lile boksi la mashine ambalo sikuwa nimelimaliza. Chini, ndani ya nailoni, kulikuwa na mshikio mwingine, mpana zaidi, na chini yake una midomo miwili. Unga mmoja, maji yale yale, vikombe viwili kwa wakati mmoja. Niliuona siku ya kwanza nikauacha humo humo, nikadhani ni wa ziada. Wazungu waliotengeneza kitu kile hawakuwa wakifikiria Runingu, lakini mimi nilikaa sakafuni nikaushika kama mtu aliyeokota mtoto.

Haikuwa rahisi. Kikombe cha chuma cha mshikio ule kilikuwa kikubwa, kilitaka unga mara mbili, na pete niliyoipata kwa taabu haikufaa tena. Maji yakakwama upya. Nikalegeza tik moja, nikangoja, nikaonja. Nyingine. Ilipokaa sawa kwenye ulimi, likatokea jambo lingine: mdomo wa kushoto ulitoa nyingi, wa kulia kidogo. Hilo lilinitia jasho. Vikombe viwili visivyolingana, mbele ya mtu anayeogopa! Angeuliza kwa nini hiki kidogo, nani amepangiwa hiki. Kumbe nilikuwa nashindilia nikiegemea bega langu zima, lile jingine liliumia zamani kwa kubeba magodoro. Unga ulilala upande, na maji yakafuata upande. Nikajifunza kushindilia nimesimama wima kama askari. Mke wangu akipita ananichekea: "Mwanajeshi wa kawa."

Juma lilipogeuka nilikwenda mwenyewe kwa daktari wa macho. Mkubwa wangu alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Nikakaa karibu naye.

"Umekuja kuangalia kama niko muzima?" akasema. "Niko muzima. Unashangaa?"

Nilikuwa nimeapa sitajibu kwa ukali.

"Mukubwa, ile kawa ilikuwa mubaya. Niliisaga vibaya. Twende nyumbani, utasimama karibu ya mashini, utaona kila kitu kwa macho yako."

Akageuza uso wake kwangu. Macho yalikuwa mekundu, yanatoka maji.

"Macho gani? Wamenitilia dawa. Minye naona weye kama moshi."

Siku zote zile za kushindilia wima, ili vikombe vilingane, ili aone! Na hawezi kuona. Nikasimama niende zangu. Yeye naye akasimama, akanishika bega, lile bovu.

"Twende. Lakini nipitishe kwanza pale dukani."

Nikamfikisha kwenye duka, akaniambia ningoje nje. Nilingoja na mwenye pikipiki, nikadhani ananunua sabuni ya kurudi nayo kijijini. Alikawia. Akatoka mikono mitupu, anajipangusa mdomo.

Nyumbani nilimweka kwenye kiti karibu kabisa na mashine. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, upepo wa ziwa ulikuwa mzito, na nilipojaribu mara ya kwanza maji yalikwama tena. Pete ile ile, kipimo kile kile! Kumbe unga nao unakunywa hewa. Nililegeza tik moja bila kusema, nikaomba Mungu umeme usiondoke.

"Sasa iko inafanya nini?" aliuliza.

"Inasukuma. Sikiliza."

Akasikiliza kwa kichwa kilichoinama, kama tulivyokuwa tukisikiliza utotoni maji ya mfereji wa mpunga usiku wa zamu yetu. Mashine ikanguruma, ikatulia, ikaanza kutoa nyuzi mbili nyembamba.

"Vikombe viwili?"

"Viwili. Vinatoka pamoja, unga moja. Chagua."

Alinyoosha mikono, akavipapasa vyote viwili. Akaingiza ncha ya kidole kwenye kimoja, halafu kwenye kingine, anapima. Mke wangu kule mlangoni alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge. Kisha mkubwa wangu akavitoa, akavizungusha mezani kushoto kulia, kama wale wachezaji wa kamari wa Kavimvira, akanisukumia kimoja.

"Kunywa."

Nikanywa. Chote. Povu, kila kitu. Nikakigeuza kikombe juu chini kwenye kiganja chake ili asikie hakuna kitu. Akangoja. Sijui alikuwa akingoja nini, labda nianguke. Kisha akanywa cha kwake, polepole, akaramba mdomo.

"Ni kali," akasema. "Lakini haiko ile ingine."

Akaondoka. Nami nililala mchana ule kama mtu aliyebeba mizigo.

Juma lililofuata sikwenda kumchukua. Nilikaa barazani, nikajifanya napanga vikombe. Akapanda ngazi peke yake, mkono ukutani, akakaa kwenye kiti kile kile bila kuulizwa.

"Leo sikukunywa maziwa," akasema.

"Maziwa gani?"

"Ile siku pale dukani. Nilikunywa maziwa mingi, minye mwenyewe nilishangaa tumbo iliweza. Wanasemaka muntu akikunywa maziwa mbele, sumu inashindwa."

Nilikuwa nimeshika kile chuma cha kushindilia. Alikuwa ameamini. Mpaka kwenye kiti changu, mpaka kikombe kikiwa mdomoni, alikuwa ameamini kwamba mimi ninaweza kumuua. Na alikuja. Alipita dukani, akajaza tumbo maziwa, akapanda pikipiki pamoja nami, akaja kunywa. Sijui katika hayo mawili ni lipi lililonishtua zaidi. Nilisimama pale mpaka mke wangu akaniita mara mbili.

"Mudogo," mkubwa wangu akasema, "kawa haiji?"

Nikashindilia. Nikasahau kusimama wima, nikaegemea bega zima, nikajua nimeharibu hata kabla sijakaza mshikio. Na unga sikuwa nimeupima. Mizani ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa chake. Kahawa ikatoka haraka, ya kushoto ikajaa, ya kulia ikabaki kama mate. Nilitaka kuimwaga yote nianze upya. Nikanyoosha mkono kuchukua kilichojaa nionje.

Mkono wake ulifika kabla ya wangu. Hakuvipapasa, hakuvizungusha. Alikichukua kile kilichojaa, akakipeleka mdomoni kabla yangu, akanywa.

Nikaonja kidogo changu. Kilikuwa kichachu kama marakuja mabichi.

Yeye alikunja uso, akanywa tena, akamaliza.

"Mubaya," akasema, akanirudishia kikombe.